Bwana Eustakio na Raba Yake ya Utelezi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Eustakio Nambunga, Mtunza Kumbukumbu wa Chuo cha Ufundi cha Mtakatifu Severini, Nachingwea, anatimiza umri wa miaka sitini na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kukitumikia chuo miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hiyo miezi minne ameisisitiza mwenyewe. Alikuja mpaka chumba cha ushonaji kunikumbusha nisiiache.

Kamati ya Sherehe iliwaomba watu watatu waandike wasifu huu kabla ya kunifikia mimi. Wa kwanza alisema ana msiba, wa pili alisema ana semina, wa tatu alicheka tu akaondoka. Mimi nilikubali kwa sababu nimefanya kazi mlango wa pili kutoka masijala kwa miaka ishirini na sita, na kwa sababu mstaafu huyu amenifunga kwenye mpira wa meza mara nyingi mno. Nilikuwa naisubiri siku ya kumwandika huku yeye amekaa kwenye kiti cha heshima, kavaa tai, hawezi kujibu.

Aliniletea pia karatasi yenye maneno ya kutumia: "mchapakazi", "mwadilifu" na "mchezaji mwenye kipaji cha kuzaliwa nacho". La kwanza nimelipokea. La pili tutafika. La tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu kwa furaha.

Bwana Eustakio alizaliwa Mnero mwaka 1966, mtoto wa katekista. Alisoma shule ya misheni, na kwenye ukumbi wa parokia akajifunza mpira wa meza juu ya meza ya kulia chakula, wavu wake ukiwa bandeji kutoka zahanati. Mwalimu wake alikuwa bruda mmoja mzee aliyecheza akiwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya miguu. Bruda huyo alimfundisha jambo moja tu: rudisha mpira, usubiri mwenzako akosee. Bwana Eustakio alilishika somo hilo, akaliona linatosha kwa mchezo, kwa kazi na kwa maisha ya ndoa. Mkewe, Mama Rozalia, yupo ukumbini leo. Mwenye swali amuulize yeye.

Aliajiriwa Februari 1993. Masijala wakati huo ilikuwa kabati moja na kuku wa mlinzi. Yeye ndiye aliyeweka majalada kwa namba, akaandika orodha kwa mkono, akamtoa kuku. Tangu siku hiyo hakuna jalada lililopotea katika chuo hiki. Kupatikana ni suala jingine. Ukienda kuuliza barua yako ya likizo, ya uhamisho, ya kupandishwa cheo, anakutazama juu ya miwani na kusema, "Linashughulikiwa." Neno hilo wengine tumelisikia hata ndotoni. Mkuu wa Chuo aliyetangulia aliwahi kuliomba jalada lake mwenyewe, akaambiwa alete barua ya maombi. Alileta. Barua ikafunguliwa jalada.

Lakini haki yake tumpe. Mvua za mwaka 2011 zilipoezua paa la utawala, alibeba majalada elfu moja mia moja na arobaini kwa mikono yake mpaka kanisani, akayaanika juu ya mabenchi. Jumapili tulisali tumesimama. Paroko alipolalamika, Bwana Eustakio alimwambia, "Baba, hawa nao ni waamini, wamenyeshewa." Na mpishi wetu Koleta alipoambiwa kwamba hakuna ushahidi wa miaka yake tisa ya mwanzo kazini, ni mstaafu huyu aliyekaa siku mbili bila kula vizuri mpaka akaitoa barua yake ya ajira, imeliwa kona moja na mchwa, sahihi ikiwa nzima. Koleta alilia. Yeye alimwambia asilie juu ya barua, wino utasambaa.

Sasa tuje kwenye raketi.

Mwaka 2007 kifurushi kiliwasili chuoni kutoka kwa mwalimu wa useremala wa kujitolea, aliyekuwa amerudi kwao Ulaya. Kilikuwa kimeandikwa "Idara ya Michezo". Chuo hakikuwa na Idara ya Michezo, na kwa utaratibu wa masijala, barua isiyo na mwenyewe ni ya masijala. Bwana Eustakio akakifungua. Ndani mlikuwa na mipira kumi na miwili, wavu halisi, raketi moja, na raba mbili nyeusi zikiwa bado kwenye bahasha zake, pamoja na karatasi ya maelezo. Mipira na wavu alivikabidhi ukumbini kwa hafla ndogo. Raketi na raba alibaki navyo, akazibandika mwenyewe kwa gundi ya idara ya ushonaji wa viatu, nyeusi upande huu na nyeusi upande ule. Karatasi ya maelezo aliiweka kwenye jalada lenye mhuri wa SIRI, alikojua hakuna atakayeitafuta.

Kwa wasiocheza, nieleze kidogo. Raba ya kawaida inaushika mpira. Ukiufyeka kwa kasi, mpira unasokoteka, na ukitua upande wa pili unaruka mbele kama umechokozwa. Moja ya zile raba mbili ilikuwa ya kawaida. Ya pili haikushika kitu. Mpira ukiigusa unateleza kama kidole kwenye sahani yenye mafuta, na unarudi na msokoto ule ule ulioutia wewe, ila kwako sasa umekuwa kinyume: badala ya kuruka, unazama. Unaupiga ulivyozoea, unaingia kwenye wavu. Unaongeza nguvu, unaingia kwenye wavu kwa nguvu zaidi. Mtu wa upande wa pili hajafanya lolote, amesimama tu na kitambi chake.

Raba ya namna hiyo si haramu. Kuna watu wanaicheza mashindano makubwa. Kinachotakiwa ni pande mbili za raketi ziwe na rangi tofauti, na mpinzani aoneshwe raketi kabla ya kuanza, ili ajue anapambana na nini. Ya Bwana Eustakio ilikuwa nyeusi kotekote, na chini ya meza alikuwa anaizungusha mpini vidoleni kama mtu anayechezea funguo. Hukujua upande gani unakuja. Hukujua hata kama kuna pande. Hapa chuoni tulijua tu kwamba ukicheza naye mkono wako unapata ujinga.

Hivi ndivyo alivyokuwa bingwa. Katika Bonanza la Mei Mosi, ambalo mwaka mmoja hufanyika Nachingwea na mwaka mwingine Ruangwa, alichukua kombe mara kumi na moja. Watu walisema ana dawa. Wengine walitaja mpaka kijiji alikoitoa. Yeye, mtoto wa katekista, hakukana. Alitabasamu na kurekebisha miwani. Afadhali wilaya mbili ziamini uchawi kuliko yeye kutamka neno "raba".

Mtu aliyeumia kuliko wote katika utukufu huo alikuwa Bwana Halfani Nangomwa, fundi wa pampu za maji kule Ruangwa, mwenyeji wa Narung'ombe. Mliomwona enzi zake mnakumbuka. Halfani alikuwa na mkono wa kulia ambao sijauona tena. Alikuwa anaufyeka mpira kutoka chini karibu na goti, unapanda, unavuka wavu kwa upole, halafu ukigusa meza unakurukia kifuani. Kabla ya 2009 hakuna aliyemweza. Kuanzia 2009 mpaka 2014 alikutana na Bwana Eustakio fainali sita, akapoteza zote sita, na kila mwaka vibaya kuliko mwaka uliotangulia, kwa sababu kila mwaka alikuja amefanya mazoezi zaidi na kuusokota mpira zaidi.

Hakuwahi kulalamika kwa mwamuzi. Alijilaumu mwenyewe. Alianza kusema mkono unakufa. Akaenda hospitali kupimwa kifundo cha mkono, akaambiwa kizima. Hakuamini, akakifunga bandeji. Mwaka 2014 Bwana Eustakio alikwenda hospitali hiyo hiyo kwa ajili ya macho, wakakutana kwenye benchi. Alikitazama kile kifundo kilichofungwa akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Ndiyo uzee huo." Halfani alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mwaka uliofuata hakuja kwenye bonanza, wala baadaye. Miaka kumi. Tulipouliza, tuliambiwa ameacha mchezo, na kwamba siku hizi hata spana kubwa anamwachia msaidizi wake. Tukasema masikini, tukaendelea na chai.

Julai mwaka jana tuliletewa mwalimu mpya wa umeme, Zipora Shilinde. Wazazi wake ni wafugaji waliohamia Chiola na ng'ombe wao kutoka upande wa Ziwa, na yeye alisomea ufundi Mwanza, alikocheza mpira wa meza kwenye timu ya chuo. Ni mpole, anasalimia kwa kupiga goti, na ana macho ya mtu anayetafuta waya uliokatika. Wiki yake ya tatu, Bwana Eustakio alimkaribisha ukumbini kwa ukarimu ule ule ambao paka humkaribishia panya. Tulijaa kutazama, maana burudani ni chache.

Seti ya kwanza Zipora alifungwa kumi na moja kwa nne. Hakukasirika. Aliuokota mpira, akaja upande wa pili wa meza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba niishike raketi yako."

Miaka kumi na minane, hakuna aliyekuwa ameomba jambo hilo. Bwana Eustakio aliibana raketi kifuani.

"Mwanangu, raketi ya mtu ni kama mswaki."

"Mswaki sijaomba, mzee."

Watu waliangua kicheko, na kwa kicheko kile hakuwa na pa kwenda. Akaitoa. Zipora alipitisha kidole gumba upande mmoja, kikakwama. Akaigeuza, akapitisha upande wa pili, kikateleza mpaka mwisho. Akaweka mpira juu yake, akaiinamisha kidogo, mpira ukateleza moja kwa moja bila kubingirika. Alirudia tuone. Halafu, bila kupandisha sauti, akatueleza yale niliyowaeleza hapo juu.

"Raba yenyewe inaruhusiwa," alimalizia. "Hata chuoni kwetu alikuwepo dada anaitumia, na alikuwa hodari. Lakini tulikuwa tunaiona."

Alichomoa mfukoni utepe mwekundu wa kufungia nyaya, akakata kipande kwa meno, akakibandika kwenye kona ya upande unaoteleza. Kisha akarudi mahali pake. "Tuendelee, mzee."

Hakuusokota mpira tena hata mara moja. Aliutuma mfu, wa chini, usio na kitu ndani, daima kwenye ule upande wenye utepe. Unachopeleka ndicho unachorudishiwa, na yeye alikuwa anapeleka bure, akirudishiwa bure, mpira unaelea katikati ya meza kama umesahaulika. Hapo ndipo aliposhindilia. Kumi na moja kwa saba, kumi na moja kwa tano, kumi na moja kwa tatu. Bwana Eustakio alikaa kwenye benchi, akaomba maji. Kesho yake aliomba ruhusa ya siku tatu kwa sababu ya mafua, na nakiri kwamba ombi hilo lilishughulikiwa siku hiyo hiyo.

Mimi nilicheka wiki nzima. Yeye akiwa nyumbani na mafua yake, nilipekua masijala mpaka nikalipata lile jalada la SIRI, nikaibandika karatasi ya maelezo kwenye ubao wa matangazo. Zipora hakucheka. Alikuja chumba cha ushonaji wakati wa chai akaniuliza, "Mama Kornelia, hivi kuna mtu aliyewahi kuumia na hii raketi?"

Nikamsimulia habari za Halfani, hospitali na bandeji. Nilisimulia kama kichekesho, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kukisimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo baba ameambiwa?"

Nilimwambia hapana. Nawaandikia hivi ili msidhani meno yangu yote ni ya kumng'ata Bwana Eustakio peke yake. Sote tulimwona mtu anaacha kitu alichokipenda, na hakuna aliyekwenda kumtazama.

Tulikwenda masijala wawili. Zipora alizungumza kwa adabu zote: mzee, huyu mwenzako anadhani mkono wake umekufa, nenda ukamwambie. Bwana Eustakio alipanga upya mihuri yake mezani.

"Linashughulikiwa," alisema.

Lilishughulikiwa wiki saba. Mara gari hakuna, mara mke anaumwa, na Mama Rozalia yuko ukumbini na anaweza kuwaambia kama aliumwa. Mwishowe, mwezi Oktoba, nilimwambia nakwenda Ruangwa Jumamosi kumwona dada yangu, na kwamba nitapita kwa Halfani, na nitakayoyasema nitayasema kwa namna yangu. Jumamosi asubuhi nilimkuta stendi kabla yangu, kavaa koti, raketi kaifunga kwenye gazeti.

Tulimkuta Halfani nyumbani, anafungua pampu iliyochoka. Mkewe, Bi Happy, alitukaribisha kwenye viti vya nje na kutuchotea maji. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa umefunikwa na raketi. Ilikuwa ile yake ya zamani, raba imevimba kwa unyevu, mpini umeota ukungu. Bwana Eustakio aliiona. Nilimwona alivyoiona, na glasi yake hakuinywa.

Akaanza kusalimia. Alisalimia habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za korosho, za mvua, za barabara, za korosho tena. Halfani alijibu zote. Nilimkanyaga mguu. Ndipo alipofungua gazeti, akaiweka raketi mapajani kwa Halfani, akasema, "Pitisha kidole."

Halfani alifuta mikono yake kwa kitambaa, akapitisha. Akaigeuza, akapitisha tena. Ni fundi; hakuhitaji kuelezwa sana. Alikaa anaigeuza kwa muda mrefu mpaka Bi Happy akauliza, "Kuna nini?"

"Ulikuwa unajua?" Halfani aliuliza.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na pale hospitali?"

Bwana Eustakio alivua miwani. "Pale pia."

"Uliniambia uzee."

"Nilikwambia."

Bi Happy aliingilia. Alisema miaka kumi mume wake hajambebea hata ndoo, anasema mkono huu si wa kuuamini. Alikataa kumpakata mjukuu wao wa kwanza akiogopa kumwangusha. Alisema hayo bila kelele, huku anatazama mtungi. Mimi nilitamani ardhi inifiche, na mimi sikuwa mshitakiwa.

Hapo ndipo Bwana Eustakio aliposema jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa kazi yake bora kuliko yale majalada ya kanisani.

"Halfani, hii raba inarudisha kile ulichotia wewe. Ulikuwa unatia mwingi kuliko mtu yeyote. Mkono wako ungekuwa mbovu, ungenifunga."

Halfani hakumkumbatia, wala hakusema yamepita. Alimrudishia raketi.

"Kaa nayo. Mei Mosi ni hapa kwetu. Uje nayo hiyo hiyo."

Tulirudi Nachingwea. Tulipofika alinishukuru kwa kumsindikiza. Nilimwambia sikumsindikiza, nilimpeleka.

Miezi iliyofuata Zipora alipanda basi kila Jumamosi ya pili kwenda Ruangwa, kumfundisha mtu wa miaka hamsini na saba kupiga mpira usio na kitu. Aliniambia kazi haikuwa mkono. Kazi ilikuwa kumfanya auamini. Siku za mwanzo alikuwa anaugusa mpira kama anagusa yai la mtu mwingine. Bi Happy alinunua mfuniko wa plastiki wa mtungi, na raketi ya zamani ikapata raba mpya, nyekundu upande mmoja na nyeusi upande wa pili. Huku chuoni naye Bwana Eustakio alikuwa anafanya mazoezi baada ya kazi, utepe mwekundu ukiwa mahali pake. Mtu mmoja aliubandua kwa utani. Aliubandika tena mwenyewe.

Mei Mosi ya mwaka huu ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walikutana nusu fainali, na kwa watu wote fainali ilikuwa hiyo. Kabla ya kuanza, Bwana Eustakio alinyoosha raketi yake bila kuombwa. Halfani alipapasa pande zote mbili, polepole, akarudia, watu wakicheka, na hata yeye mdomo ukamcheza kidogo.

Nitakuwa mkweli: mstaafu wetu alicheza vizuri. Bila kuficha kitu, akiwa na miaka hamsini na tisa na goti moja bovu, alirudisha mipira ambayo vijana wangeikimbia. Seti ya kwanza akachukua yeye, ya pili Halfani, ya tatu Halfani, ya nne yeye. Seti ya mwisho wakafika tisa kwa tisa.

Halfani alipiga mpira kwenye kona ya kushoto. Ukapita kando ya meza na kuanguka chini. Mwamuzi, Mwalimu Saturnini, alikuwa upande wa pili. Aliuona uko nje, akampa Bwana Eustakio pointi. Kumi kwa tisa. Halfani hakubisha. Aligeuka kuufuata mpira, mabega yameshuka kama nilivyoyaona mwaka 2014.

Bwana Eustakio alibaki amesimama. Kisha akainua mkono.

"Umegusa."

"Umegusa nini, mzee?" Mwalimu Saturnini aliuliza.

"Umegusa meza. Hapa ukingoni." Aliweka kidole mahali penyewe. "Pointi ni yake."

Katika miaka ishirini na sita, hiyo ndiyo taarifa ya kwanza niliyomwona akiitoa bila barua ya maombi.

Kumi kwa tisa ikawa ya Halfani. Pointi ya mwisho ilikuwa ndefu. Halfani aliutuma mpira mfu mara kumi, nilihesabu, mara zote kwenye utepe mwekundu. Wa kumi ulirudi juu kidogo kuliko mingine. Akaushindilia. Bi Happy alipiga vigelegele peke yake kwanza, ndipo ukumbi ukamfuata. Halfani hakuruka. Aliweka raketi mezani, akautazama mkono wake, akaukunja, akaukunjua.

Bwana Eustakio aliizunguka meza.

"Mzima?"

"Mzima," alisema Halfani, akampa mkono huo huo.

Ningependa kuishia hapo, mstaafu apate sifa. Lakini huyu ni Bwana Eustakio. Tangu Mei Mosi hajatupa nafasi ya kupumua. Kisa cha namna alivyosema "umegusa" amekisimulia jikoni, getini, kwenye foleni ya benki, na kwenye kikao cha mitihani ambako hakualikwa. Kila akisimulia, mpira unagusa kidogo zaidi, na ujasiri wake unaongezeka. Zipora anaweka alama za chaki ukutani kwenye karakana ya umeme. Mpaka naandika haya zimefika arobaini na moja. Mtu aliyekaa kimya miaka kumi na minane amekuwa mkweli mwezi mmoja na nusu, na anataka cheti. Hata hivyo neno "mwadilifu" nimeamua kuliacha kwenye wasifu huu, kwa kuhesabu kuanzia Mei.

Anarudi Mnero na Mama Rozalia. Kwa zawadi, wafanyakazi tumemtengenezea meza ya mpira wa meza, kazi ya idara ya useremala, mbao za mninga, miguu inakunjika. Mama Rozalia alipoiona alisema yeye aliomba kitanda. Sebuleni haiingii, paroko amekubali ikae kwenye ukumbi wa parokia, na akina mama wa kwaya wameshaanza kuuliza zamu.

Nilimpigia Halfani kumwomba neno moja la kuweka hapa. Alifikiri, nikasikia spana inaanguka, kisha akasema, "Andika hivi: huyu mzee alinipotezea miaka kumi, hilo sijalisahau. Lakini nimetafuta Ruangwa nzima mtu mwingine ninayefurahi kumfunga hivyo, sijampata. Mwambie Jumamosi asichelewe."

Bwana Eustakio, chuo kinakushukuru kwa kila jalada ulilolianika, kwa barua ya Koleta, na kwa kuwa mlango wa pili kutoka kwangu miaka ishirini na sita. Tunakuombea siku nyingi, magoti mazima, na uvumilivu mwingi kwa Mama Rozalia. Ukifungwa, cheka. Ukishinda, tafadhali usitusimulie.

Kornelia Chitanda
Mwalimu wa Ushonaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote